Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: wagonjwa wa baridi yabisi wanalemaa wakiwa mikononi mwetu

Kwako Mganga Mkuu wa Mkoa,

Nakala: Waganga Wakuu wa Halmashauri zote, Wafamasia wa Wilaya, Waratibu wa Magonjwa Yasiyoambukiza.

YAH: KUTAMBUA NA KUTIBU MAPEMA BARIDI YABISI KATIKA ZAHANATI NA VITUO VYA AFYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tunaokuandikia ni matabibu, wauguzi, wataalamu wa maabara na wafamasia wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ndani ya mkoa huu. Jambo hili tumelipitisha kote tulikotakiwa kulipitisha: kwa waganga wafawidhi, kwenye vikao vya robo mwaka, kwenye ziara za usimamizi shirikishi, na mwisho kwa barua iliyopokelewa masijala na kugongwa muhuri. Jibu limekuwa lilelile, kwamba linafanyiwa kazi. Wakati huo wagonjwa wanazidi kupinda vidole. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani, kwa heshima zote, lakini bila kuzungukazunguka.

Baridi yabisi tunayoisema hapa si goti la uzee wala mgongo wa mtu aliyeshinda shambani. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe na kushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo. Utando unavimba, unakula gegedu, kisha unakula mfupa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa nao, takriban asilimia 70 kati yao wanawake. Mfupa huanza kuliwa mapema, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Mgonjwa akianzishiwa dawa inayotuliza ugonjwa wenyewe ndani ya miezi 3 tangu viungo vianze kuvimba, ana nafasi nzuri ya kubaki na mikono inayofanya kazi. Akichelewa, dawa hiyohiyo itamsaidia kwa yanayokuja, ila mfupa uliokwisha kuliwa haurudi. Malalamiko yetu yote yanaanzia hapo: miezi hiyo 3 inaishia kwenye foleni zetu.

Hoja zetu ni hizi.

1. Mkono wa mgonjwa haushikwi.

Mtu akisema "viungo vinaniuma", mara nyingi dawa inaandikwa kabla hajamaliza sentensi. Kwenye rejesta ya wagonjwa wa nje, goti la bibi wa miaka 70 na vidole vilivyovimba vya mama wa miaka 32 vinaingia kwa maneno yaleyale, kisha wote wawili wanaondoka na dawa ileile ya maumivu. Hakuna mashine inayokosekana hapo. Kinachokosekana ni dakika 5 na mtu aliyefundishwa kutumia vidole gumba vyake.

Uchunguzi wenyewe ni huu. Kwanza maswali: ukiamka asubuhi viungo vinakaza kwa muda gani kabla havijalegea? Kukaza kunakozidi dakika 30, hasa kukifika saa nzima au zaidi, ni dalili ya kushtua. Goti lililosagika kwa umri hulegea mapema zaidi na huuma zaidi mtu akitembea. Unaweza kukamua nguo, kusonga ugali, kufunga vifungo vya shati? Je, ukipumzika unapata nafuu au unazidi kukaza? Baridi yabisi hukaza kwa kupumzika na kulegea kwa kazi, na swali hilo moja huwatenganisha wagonjwa wengi.

Kisha mikono miwili iwekwe mezani, viganja chini. Kwa mkono mzima, kati ya kifundo na kifundo, pale vidole vinapoanzia, pana mabonde. Mabonde yakijaa, pana uvimbe. Mwambie akunje ngumi. Kidole kisichofika kiganjani kikumbuke. Sasa bonyeza kila kifundo kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande, kwa nguvu ya kutosha kuifanya ncha ya ukucha wako iwe nyeupe. Uvimbe wa baridi yabisi unabonyea, kama embe lililoanza kuiva. Uvimbe wa usagikaji ni mgumu, ni mfupa, na hupenda vifundo vya mwisho karibu na kucha, mahali ambapo baridi yabisi kwa kawaida haigusi. Maliza kwa kubana vifundo vyote vinne vya kiganja kwa pamoja kutoka pembeni, kama unasalimiana. Mgonjwa akiruka, hilo ni jibu. Rudia kwenye miguu, viatu vikiwa vimevuliwa. Miguu inasahaulika kila siku, na kwa wagonjwa wengi ugonjwa huanzia kwenye vifundo vya vidole vya miguu.

Pana kiungo kimoja ambacho hakisubiri utaratibu huo wala rufaa ya wiki ijayo: kiungo kilichovimba ghafla, chenye moto, mgonjwa hataki kiguswe, na homa ikiwepo au isiwepo. Hicho ni usaha mpaka ithibitike vinginevyo. Apelekwe siku hiyohiyo mahali panapoweza kuvutwa majimaji ya kiungo yapimwe, na isichomwe humo sindano yoyote ya steroidi (kundi la prednisoloni na deksamethasoni). Kwa mwenye selimundu, mfikirie pia maambukizi ya mfupa. Kiungo kimoja kilichovimba polepole kwa miezi, mgonjwa amepungua uzito, ni kifua kikuu cha kutafutwa. Ukanda wetu una chikungunya pia, virusi vilivyotambuliwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, huacha viungo vikiuma kwa wiki au miezi baada ya homa, kwa hiyo swali la "ulianza na homa kali ya ghafla, na majirani pia?" lina kazi.

2. Vipimo visivyojibu swali vinamaliza fedha na muda wa mgonjwa.

Mgonjwa wa viungo anapimwa asidi ya yuriki, brusela (maambukizi yatokayo kwa mifugo), ASO na RF (kingamwili zinazoonekana kwa wagonjwa wengi wa baridi yabisi) kwa mkupuo, analipia mfukoni, kisha anatibiwa kipimo chochote kitakachotoka na alama ya kujumlisha.

Asidi ya yuriki iliyopanda peke yake si gauti (ugonjwa wa asidi hiyo kuganda ndani ya viungo), na katikati ya shambulio la gauti inaweza kusoma kawaida. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi ni nadra kuugua gauti. Hata hivyo huyu ndiye anayeambiwa aache nyama na maharage. Anaacha maharage, ambayo ndiyo protini yake ya kila siku, na vidole vinaendelea kuvimba.

Kipimo cha brusela cha kuchanganya tone kwenye kigae kina majibu mengi ya uongo. Mtu anaanzishiwa doksisaiklini ya wiki 6 pamoja na sindano. Nusu ya miezi yake 3 imekwenda. ASO inaonyesha tu kwamba mtu alikutana na bakteria wa koo siku za nyuma. Penisilini ya kila mwezi ni kinga ya watu waliougua homa inayoharibu moyo, ambayo hushika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15 na maumivu yake huhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Mtu mzima mwenye vidole vya mikono yote miwili vilivyovimba kwa wiki 8 hapaswi kuchomwa penisilini kwa sababu ya ASO.

RF ndiyo inayotuumiza zaidi. Huwa chanya kwa wagonjwa 7 hadi 8 kati ya 10, maana yake 2 au 3 wenye ugonjwa kamili watasoma hasi na kurudishwa nyumbani. Nayo huwa chanya kwa watu wenye kifua kikuu, homa ya ini aina ya C, au umri mkubwa tu. Kipimo cha kingamwili za CCP, aina nyingine ya kingamwili za ugonjwa huu, ni mahususi zaidi, lakini nacho kikiwa hasi hakifuti uvimbe ambao kidole gumba kimeugusa. ESR, kipimo cha kasi ya chembe nyekundu za damu kutua, tunayo, ni bomba na saa moja ya kusubiri. Ikipanda inasaidia, ikiwa ya kawaida haimzuii mgonjwa kwenda mbele.

3. Sindano na prednisoloni zinaficha ugonjwa unaoendelea kula mfupa.

Diklofenaki ya miligramu 75 kwenye tako, leo, kesho na keshokutwa, ndiyo tiba ya viungo inayojulikana zaidi katika mkoa huu. Inapunguza maumivu na uvimbe kwa saa chache. Haizuii mfupa kuliwa. Inapandisha presha, inaumiza figo na inatoboa tumbo, hasa kwa mzee ambaye tayari anakunywa dawa za presha. Inapobidi kutumia dawa za kundi hili, ziwe za mdomo, kwa kiwango kidogo kinachofaa na kwa muda mfupi, diklofenaki isizidi miligramu 150 kwa siku, na mwenye hatari ya vidonda vya tumbo apewe omeprazoli.

Prednisoloni na deksamethasoni ndizo hatari iliyojificha. Zinauzwa dukani kwa kuhesabu vidonge, na mgonjwa anaamka siku ya pili akiwa mzima kabisa, kwa hiyo anarudi. Miezi inapita: uso unakuwa wa mviringo, sukari inapanda, mifupa inapungua nguvu. Mganga mgeni akiona uso ule anashtuka na kuzikatisha ghafla, na hapo mgonjwa anaweza kuanguka kwa sababu mwili umeacha kutengeneza homoni yake. Aliyezitumia kwa zaidi ya wiki 3 hupunguziwa polepole. Kazi yake halali katika baridi yabisi ni ya daraja: kiwango kidogo, kwa mfano miligramu 7.5 hadi 10 kwa siku, wakati dawa kuu, ile inayotuliza ugonjwa wenyewe, inasubiriwa ianze kufanya kazi, ikipunguzwa na kuondolewa ndani ya miezi 3. Daraja lisilo na ng'ambo ndilo tulilonalo sasa, kwa sababu dawa kuu haipo.

4. Methotreksati haipatikani, na inapopatikana inatolewa kwa namna inayoweza kuua.

Methotreksati, ndiyo ile dawa kuu tuliyoitaja, imo kwenye Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya magonjwa ya viungo. Ni dawa ya zamani, ya vidonge, na ndiyo ya kwanza kuchaguliwa duniani kote kwa ugonjwa huu. Huku kwetu inahesabiwa kuwa dawa ya saratani, kwa hiyo vituo haviombi, kwa hiyo haiji.

Pale mgonjwa anapotoka nayo hospitali kubwa na kuja kuichukua wilayani, tunaomba uangalie bahasha ya dawa. Imechapwa tayari: "Vidonge ... kutwa mara ...". Methotreksati hunywewa MARA MOJA KWA WIKI. Hakuna nafasi ya kuandika "kwa wiki" kwenye bahasha ile, na mtoa dawa mwenye foleni ya watu hujaza nafasi zilizopo. Mgonjwa anayekunywa kila siku dozi ya wiki anaanza na vidonda mdomoni, kisha chembe za damu zinaporomoka. Hili ni kosa linalojulikana kote ulimwenguni dawa hii inakotumika, na dawa yake ni wino na karatasi: bahasha ya rangi tofauti, siku ya wiki iandikwe kwa neno zima (kwa mfano JUMAPILI), vidonge vya miligramu 2.5 pekee viwepo stoo ili mtu asipewe cha 10 kwa bahati mbaya, na zitolewe za wiki 4 tu. Dozi ya miligramu 10 ni vidonge 4 kwa wiki, vidonge 16 kwa mwezi. Mfamasia akiona cheti cha vidonge 30, yaani kimoja kila siku, asimame.

Kuanza ni miligramu 7.5 hadi 15 kwa wiki, kupanda taratibu hadi 20 au 25 kadiri mgonjwa anavyovumilia. Asidi ya foliki miligramu 5 kwa wiki, siku tofauti na ya methotreksati. Vidonge vya madini chuma vyenye foliki kidogo vinavyotolewa kliniki ya wajawazito si mbadala. Kabla ya kuanza: picha kamili ya damu, vimeng'enya vya ini, kreatinini, homa ya ini B na C, VVU, maswali ya kifua kikuu, na ujauzito. Mwanamke anayeweza kupata mimba awe na uzazi wa mpango wa uhakika, na aiache dawa angalau miezi 3 kabla ya kutafuta mtoto; huyu anaweza kutumia haidroksiklorokwini au salfasalazini, dawa nyingine za kutuliza ugonjwa huu. Vipimo vya damu kila wiki 2 mpaka dozi itulie kwa wiki 6, kisha kila mwezi kwa miezi 3, kisha kila wiki 12. Mgonjwa aelezwe kwamba nafuu huja baada ya wiki 6 hadi 12, la sivyo ataiacha wiki ya tatu. Na aambiwe arudi mara moja akiona vidonda mdomoni, homa na koo, kikohozi kikavu na pumzi kubana, au macho ya njano.

Jambo moja lipewe uzito wa pekee: Septrin. Kotrimoksazoli na methotreksati zikikutana zinaweza kuua uboho wa mifupa. Septrin hutolewa hapa kwa kikohozi, kwa mkojo, kwa kuhara, na kama kinga kwa wanaoishi na VVU. Kadi ya kila mgonjwa wa methotreksati iandikwe kwa wino mwekundu: ASIPEWE SEPTRIN.

5. Rufaa inarudi.

Mgonjwa anafika wilayani na karatasi, anaambiwa RF ni hasi, anarudishwa na diklofenaki. Hakuna anayetuandikia kilichoonekana.

6. Watoto.

Mtoto anayechechemea asubuhi na kucheza vizuri mchana, kiungo kikiwa kimevimba kwa wiki 6 au zaidi, anaweza kuwa na baridi yabisi ya utotoni. Ugonjwa huo unaweza kuharibu macho bila wekundu wala maumivu, kwa hiyo rufaa yake ni mbili: ya viungo na ya macho. Kwenye kadi tunazoziona hakuna anayeandika ile ya macho.

Tunajua tutakachojibiwa. Tutaambiwa mabingwa wa ugonjwa huu ni wachache nchini. Ni kweli, na ndiyo sababu tunataka kazi ya kutambua ifanyike chini na kazi ya kuamua ifanywe na daktari wa magonjwa ya ndani aliyepo mkoani, akishauriana na bingwa kwa simu. Mkoa huu haukusubiri mabingwa wa VVU ndipo uanze kutoa dawa za kufubaza virusi kwenye zahanati. Wauguzi waliojifunza dawa zile, dozi zake na madhara yake watajifunza na hii.

Tutaambiwa methotreksati ni hatari. Hatari yake inapimika kwa damu na inazuilika kwa bahasha iliyoandikwa vizuri. Prednisoloni ya dukani haipimwi na mtu yeyote.

Tutaambiwa bajeti haitoshi. Tunaomba mkoa ulinganishe kwenye vitabu vyake vyenyewe: diklofenaki ya sindano inayonunuliwa kwa mwaka, vifaa vya brusela na asidi ya yuriki, upande mmoja, vidonge vya methotreksati na foliki, upande wa pili. Hesabu hiyo ifanywe na ibandikwe. Na tukiambiwa wagonjwa ni wachache, tutauliza uchache huo umetoka rejesta gani, maana rejesta zetu haziwatenganishi.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe moja baada ya jingine.

Kwanza, waraka wa mkoa unaosema kwamba mgonjwa mwenye uvimbe wa kubonyea kwenye viungo vidogo, au maumivu ya kubanwa vifundo pamoja na kukaza kwa viungo asubuhi, apewe rufaa bila kusubiri RF, aonwe hospitali ya wilaya ndani ya wiki 2, na asirudishwe kwa sababu ya kipimo hasi. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, yenye mchoro wa mikono na miguu ya kutia alama, na kipande cha chini cha majibu kinachorudi zahanati.

Pili, siku moja kila mwezi ya kliniki ya viungo katika kila hospitali ya wilaya, ikikaa ndani ya kliniki iliyopo ya magonjwa yasiyoambukiza. Presha na sukari vipimwe hapohapo, kwa kuwa baridi yabisi yenyewe huifanya hatari ya ugonjwa wa moyo iwe takriban mara moja na nusu ya ile ya kawaida.

Tatu, methotreksati ya 2.5, foliki ya 5, haidroksiklorokwini na salfasalazini ziingizwe kwenye maoteo ya dawa ya hospitali za wilaya kuanzia robo mwaka ijayo, na zikikosekana Bohari ya Dawa zinunuliwe kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi mwenye mkataba na mkoa, kama zinavyonunuliwa nyingine.

Nne, mafunzo ya siku 2 kwa tabibu mmoja na mtoa dawa mmoja wa kila kituo, siku moja kati ya hizo ikiwa ya kushika mikono ya wagonjwa wenyewe. Slaidi hazimfundishi mtu uvimbe unavyobonyea.

Tano, wakaguzi wa maduka ya dawa muhimu waanze kuuliza kuhusu prednisoloni na deksamethasoni katika kila ukaguzi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likionyesha kwa kila ombi nani atalitekeleza na lini, na libandikwe kwenye mbao za matangazo za vituo vyote. Ombi ambalo mkoa hauna mamlaka nalo, tuandikiwe lipelekwe kwa nani, nasi tutalipeleka wenyewe. Rasimu ya fomu ya rufaa na ya kadi ya methotreksati tumeshaziandaa. Zimeambatishwa, zinasubiri kupitishwa tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Watumishi wa afya wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya
(Majina, vyeo na sahihi vimo kwenye nakala iliyopokelewa masijala.)